Uyoga na Msitu Unaouzaa

Mvua za kwanza zikishanyesha huko Ngara na Biharamulo, na ardhi ikishalowa vya kutosha, akina mama na watoto huamka mapema wakaingia porini na vikapu vyao. Warudipo, vikapu vimejaa uyoga: wa manjano kama kiini cha yai, mweupe mpana kama sahani, wa rangi ya udongo. Jioni ile nyumba hupata kitoweo ambacho hakikununuliwa. Wapo watu, hasa wa mijini, ambao hudharau chakula hiki na kukiita chakula cha mwenye njaa. Sisi hatuoni hivyo, na mwezi huu tumependa kuitumia nafasi hii kueleza uyoga ni kitu gani, unatoka wapi, una faida gani kwa shamba na kwa nyumba, na kwa nini yampasa aupendaye auangalie msitu kabla ya kuangalia chungu.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wengine huuliza kama uyoga ni halali, kwa kuwa huota mahali pa uozo. Kanuni ya sheria yetu yajulikana: kitokacho ardhini ni halali kuliwa maadamu hakidhuru wala hakilevyi. Tena katika Hadithi sahihi umo uyoga wa jangwani, ambao Waarabu huuita al-kam'a, nao umetajwa kwa sifa. Lakini al-kam'a ni aina yake, huota chini ya mchanga kama kiazi, wala si huu wetu wa porini. Kwa hiyo asije mtu akakamua maji ya uyoga wa Biharamulo akayatia machoni mwa mtoto akidhani anafuata Sunna.

Uyoga si mmea. Hauna majani, hauna rangi ya kijani, wala haujipikii chakula kwa nuru ya jua kama mhindi au mgomba ufanyavyo. Wataalamu wameuweka katika jamii ya peke yake, jamii ya kuvu, pamoja na ukungu wa mkate na hamira tuumuliayo maandazi. Kile tukionacho juu ya ardhi ni tunda tu. Mwili wenyewe u chini, nao ni nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa katika udongo, katika majani yaliyooza na ndani ya magogo. Kama vile embe si mwembe, uyoga nao si kuvu yenyewe. Achumaye uyoga kwa uangalifu huwa amechuma tunda, na mti wake umebaki salama chini ya miguu yake. Lakini akataye msitu wote na kuuchoma huwa ameukata na mwembe.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Sehemu nyingi za Biharamulo, na baadhi ya sehemu za Ngara, ni nchi ya miombo, yaani misitu ile ya miti ya jamii ya miyombo na mitundu ambayo kutoka huko huendelea kusini na magharibi ya Tanzania hata Zambia na Kongo. Miti hiyo yasimama katika udongo ulio maskini. Huishije basi? Huishi kwa ushirika. Nyuzi za kuvu huizunguka ncha ya mzizi wa mti na kuivika kama soksi, kisha huenea mbali katika udongo, mahali ambapo mzizi wenyewe hauwezi kufika. Huko hukusanya maji na madini, hasa fosfati, na kuyaleta kwa mti. Mti nao, uliopika sukari kwa jua, huilipa kuvu sukari. Si mti wala si kuvu awezaye kustawi vema akiwa peke yake. Ule uyoga wa manjano aupendao kila mtu, na aina nyingi nyinginezo za msimu wa mvua, ni matunda ya ushirika huo. Ndiyo sababu hakuna aliyefaulu kuupanda uyoga huo kibandani kama mchicha: ukiutenga na mizizi ya mti wake, hauzai.

Na mazao ya shamba yamo katika mpango kama huo, ingawa kuvu zao ni za aina nyingine, ziingiazo ndani ya mzizi wala hazitoi uyoga wa kuonekana. Mahindi, maharage, mihogo, migomba, kahawa, yote hupokea msaada huu. Yakadiriwa kwamba mimea minane katika kila kumi ya nchi kavu hushirikiana na kuvu za namna hii. Mkulima achomaye mabaki ya shamba kila mwaka na kuuacha udongo wazi juani miezi mingi huwadhoofisha wasaidizi ambao hajapata kuwaona.

Kazi ya pili ya kuvu ni kuozesha. Neno hili halipendezi masikioni, lakini tufikiri kidogo. Gogo la mti limejengwa kwa kitu kigumu sana, ambacho viumbe vichache mno vyaweza kukivunja, na mabingwa wa kazi hiyo ni kuvu. Laiti zisingekuwapo, kila tawi lililoanguka lingelala palepale miaka na miaka, na rutuba yake ingefungwa humo bila ya kurudi ardhini. Ule udongo mweusi, mwororo, wenye harufu njema, autafutao mama kwa ajili ya bustani yake, ni kazi ya mikono ya kuvu pamoja na wadudu.

Twawajua wadudu hao. Kichuguu husimama karibu ya kila shamba huko, na watu hula kumbikumbi warukao mvua zinapoanza. Lakini si wengi wajuao kwamba ndani ya kichuguu cha mchwa wakubwa mna shamba. Mchwa hula majani makavu na miti, kisha hujenga kwa choo chao vitu kama masega ya nyuki, na juu ya masega hayo huotesha kuvu ya aina moja maalumu. Kuvu huvunja yale ambayo tumbo la mchwa limeshindwa nayo, na mchwa hula chakula kilicholainika. Watu wa elimu waliochimba katika bonde la Rukwa, kusini magharibi ya nchi yetu, walivumbua vichuguu vilivyogeuka mawe na bustani za kuvu zimo bado ndani yake. Walieleza habari hiyo mwaka 2016, na umri wa vichuguu hivyo walisema ni miaka kama milioni 25. Mchwa, kwa ulimi wa leo, ni mkulima mkongwe kuliko sisi sote.

Mvua zikishakolea, kuvu hiyo hupenyeza tunda lake kutoka shimoni hadi juu ya ardhi, nalo ndilo ule uyoga mkubwa wa kichuguuni wenye shina refu lishukalo chini kama mzizi. Ni mtamu, ni mnene, na moja waweza kutosha sufuria. Huko Zambia iko aina ya ukoo huo ambayo kofia yake hufikia karibu meta nzima, na husemwa kuwa ndio uyoga mkubwa kuliko wote uliwao duniani. Avunjaye kila kichuguu apate kufyatua matofali na ajue anachovunja.

Sasa tuseme habari iliyo nzito. Mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Zikafuata kambi nyingine, na wakimbizi wa Burundi nao wakaja, ambao kambi yao ya Lukole ilidumu hata mwaka 2008. Watu wa Ngara waliwapokea, na mapokezi yale ni sifa isiyofutika. Lakini binadamu hupika, na kupika kwataka kuni. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema kwamba kambi za Kagera ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku, kwamba msitu wa kilometa za mraba 570 uliguswa, na kwamba 167 katika hizo ziliharibiwa vibaya. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliokuwa wakikimbia kifo. Mama mwenye mtoto mgongoni na kunde mbichi mkononi hana njia nyingine ila kutafuta kuni. Wala tusisahau kwamba baada ya kambi kufungwa msitu haukupumzika: makaa, tumbaku, mashamba mapya na mifugo vimeendelea na kazi ileile, na hao si wageni, ni sisi.

Watu huhesabu hasara hii kwa kuni na mbao na maji. Kitoweo chenyewe hakihesabiwi. Mti ukifa, mshirika wake wa chini hukosa sukari, na baada ya muda naye hufa. Mwaka wa kwanza yawezekana uyoga ukatoka bado; miaka ikipita hautoki tena, na watoto wa mji ule hukua bila ya kuujua hata kwa jina. Nyumba iliyokuwa ikipata kitoweo cha bure katika miezi ambayo ghala limepungua, na mavuno bado, hulazimika kununua. Na nani anunuaye katika miezi hiyo? Basi wenye kudhurika kwanza ni wale wasio na akiba, na hasa wajane na nyumba zilizo mbali na barabara.

Ipo hata hivyo habari njema, nayo wenyeji waijua vema kuliko sisi. Miombo ni miti migumu kufa. Ukatwapo, kisiki chake huchipua, na mizizi iliyobaki hutoa machipukizi mengi. Maadamu mizizi ni hai, kuvu zake nazo zina mahali pa kujishikiza. Kwa sababu hiyo msitu uliokatwa bila ya kung'olewa waweza kurudi wenyewe, iwapo utaepushwa na jembe na moto mkali wa mwisho wa kiangazi kwa miaka ya kutosha. Kuviacha visiki katika sehemu ya shamba, kupogoa machipukizi ukabakiza mawili au matatu yaliyonyooka, hakugharimu senti. Kupanda miti mipya ni jambo jema, lakini kulinda kisiki kilicho hai huleta msitu pamoja na uyoga wake upesi zaidi.

Waotao misonobari wamejifunza somo hili kwa shida. Msonobari ni mgeni kwetu, na kuvu zake hazikuwamo katika udongo wetu. Katika nchi nyingi za joto, mbegu zilizosiwa katika kitalu kisicho na kuvu hizo ziliota, kisha miche ikawa ya manjano, ikadumaa. Dawa ikawa ni kuchukua kikapu cha udongo kutoka chini ya misonobari ya zamani na kuuchanganya na udongo wa kitalu. Mwenye kuotesha miche ya miti ya miombo naye yafaa afanye vivyo hivyo: achukue udongo kidogo chini ya miti mikubwa ya aina ileile. Lakini msonobari haulei uyoga wa miombo. Mwenye kung'oa pori la asili apande misonobari apate kuuza nguzo, na aihesabu bei yote, pamoja na kikapu cha mkewe.

Kwa nyumba ambazo pori limekwisha kuwa mbali, iko njia ya pili. Aina za uyoga ziozeshazo, zisizohitaji mti ulio hai, zaweza kulimwa nyumbani. Ulio mwepesi kuliko wote ni ule uitwao mamama, nao hauchagui: huota juu ya mabua ya mahindi, maganda ya maharage, majani makavu ya migomba, vitu ambavyo Ngara na Biharamulo havina bei. Mabaki hayo hukatwa vipande vifupi, huloweshwa, kisha huchemshwa ili kuua ukungu mwingine. Yakishapoa na kuchujwa hata yasidondoke maji ukiyakamua, hujazwa katika mifuko ya nailoni kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa mbegu, ambazo ni nafaka zilizokwisha kuoteshwa kuvu katika maabara. Mifuko huwekwa gizani wiki tatu hivi hata iwe myeupe yote. Baadaye hutobolewa, chumba hupewa hewa na mwanga kidogo, hunyunyiziwa maji kila siku, na uyoga hutoka. Mfuko mmoja huzaa mara mbili au tatu, na mabaki yake ni mbolea njema ya bustani. Kazi hii yafanyika uani, yamfaa mama asiyetaka au asiyeweza kwenda mbali na nyumba yake. Usafi wa mikono ndio nusu ya kazi. Kingine, usilale katika chumba cha uyoga, kwani vumbi lake jeupe huleta kikohozi. Mbegu ziulizwe kwa afisa ugani, ambaye wazee bado humwita bwana shamba. Wala usinunue kwa mtu asiyeweza kukuonyesha mahali zilikooteshwa.

Wala si lazima tulime uyoga wa kigeni peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Sweden walieleza jinsi walivyofaulu kuulima uyoga mmoja wa porini kwetu juu ya takataka za mashamba, na jina walilolipendekeza kwa uyoga huo lina Tanzania ndani yake. Bila shaka wako wengine katika mapori yetu wanaongoja.

Hatukusahau kwamba jamii hii ina waovu wake. Kuvu ndiyo iletayo mnyauko wa mibuni ya robusta uliowatia hasara wakulima wa Kagera. Ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zingali mbichi hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Na ukungu wa jamii hiyohiyo ndio uliompa Alexander Fleming, mwaka 1928, dawa ya penisilini. Kisu ni kimoja, mikono ni mbalimbali.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na chungu ni uyoga wa sumu, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Hakuna alama moja itoshayo kuutambua. Wasemao kwamba uyoga wa sumu huugeuza weusi kijiko cha fedha au kitunguu, au kwamba ulioliwa na wadudu au mbuzi ni salama, au kwamba sumu huisha kwa kuchemsha na kumwaga maji, wamepotoka, na wengi wamezikwa kwa sababu ya maneno hayo. Uyoga uuao kuliko wote duniani ni wa ukoo mmoja na baadhi ya ule uliwao miomboni: una kifuko chini ya shina, kilichofichika udongoni, kwa hiyo mwenye kuukata juu kwa kisu hakioni. Hutoa sumu ambayo haifi kwa moto. Mlaji hulala salama. Baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi huanza kutapika na kuharisha. Siku ya pili huonekana amepona, watu wakashukuru. Na kumbe ini linakufa. Kwa hiyo mtu akiugua baada ya kula uyoga, hata kama amepata nafuu, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya chakula na uyoga wowote uliobaki bila ya kupikwa. Na wote waliokula chungu kile waende pamoja naye.

Uko mwingine mweupe, mkubwa, wenye magamba ya hudhurungi, upendao kuota majanini karibu na nyumba. Watoto huuchukua wakidhani ni wa kichuguuni. Ukikomaa, chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani. Hauui kwa kawaida, lakini huwatapisha watu vibaya, na kwa mtoto mdogo hilo si jambo dogo. Wa kichuguuni hauna kijani hicho, nao hushuka chini kwa ule mzizi wake mrefu.

Kinga ya kweli ni moja, nayo ni elimu ya yule bibi ambaye amechuma mahali palepale miaka hamsini: anaujua uyoga kwa harufu, kwa mti wake, kwa wiki yake ya mwaka, na usioujua huupita. Marja Härkönen wa Finland na wenzake, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, waliokusanya habari za uyoga wa Tanzania na kuzitoa kitabuni mwaka 2003, walijifunza mengi kwa wanakijiji wa namna hiyo, hasa wanawake. Lakini elimu ya bibi ni ya pori lake. Mtu aliyehamia Biharamulo kutoka mkoa mwingine asitegemee macho ya kwao, kwani unaofanana na ule alioujua utotoni waweza kuwa mwingine kabisa.

Uyoga wa magharibi ya Burundi uliandikiwa kitabu na Bart Buyck mwaka 1994, na jina la kitabu ni la Kirundi. Majina ya uyoga kwa Kihangaza, Kishubi na Kizinza yamo zaidi katika vinywa vya wazee. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wa Rulenge, Murusagamba, Keza, Nyakahura na kwingineko katika wilaya hizi mbili waketi na mama zao na bibi zao mvua hizi, wayaandike: jina la uyoga, mti unaota chini yake, mwezi utokapo, namna upikwavyo, na ule ambao bibi anaukataza na sababu yake. Barua zikifika tutaziweka katika ukurasa huu.